UZI: Walatino wa Marekani wamewezaje kugeuza sikukuu ya asili yao kuwa meza ya kujaza fomu za chuo? Na sisi je?

#1 MamaNuru (San Antonio)
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanisumbua tangu Jumamosi, naomba mliokaa Marekani muda mrefu mnisaidie.

Huku tuko katikati ya mwezi wa urithi wa Wahispania, unaoanza Septemba 15 hadi Oktoba 15. Jirani yangu, mama wa Kimeksiko, alinialika kwenye sherehe ya chuo kimoja cha hapa mjini. Nikatoa kitenge changu cha harusini nikijua naenda kula na kuangalia ngoma. Chakula kilikuwepo, ngoma zilikuwepo. Lakini katikati ya ukumbi, pale ambapo sisi tungeweka meza kuu ya wageni rasmi, wenzetu walipanga meza kumi na kitu, kila moja na mwanafunzi wa chuo na kompyuta, na mbele yake foleni ya wazazi. Wanajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba fedha za serikali za kusomea chuo.

Nilisimama nyuma ya bibi mmoja. Alikuja na mfuko wa dukani, ndani ya mfuko bahasha, ndani ya bahasha karatasi za kodi zimekunjwa mara nne. Binti wa chuo alizinyoosha moja moja kwa kiganja, akaweka kidole chini ya mstari, akamsomea kwa Kihispania, akangoja bibi aitikie ndipo ashuke mstari wa pili. Dakika arobaini kwa mtu mmoja! Bendi inapiga nyuma yake, hageuki. Walipomaliza, bibi alimshika binti mashavu yote mawili, akamtazama tu bila kusema kitu.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna Desemba 9, tuna Desemba 12, Wakongo wana Juni 30, Warundi na Wanyarwanda Julai 1. Tunakodi ukumbi, tunachinja mbuzi, tunaleta msanii. Meza ya fomu sijaiona hata siku moja. Wenzetu walifikaje hapo?

#2 MzeeKigamboni
Wingi tu, dada yangu. Sensa ya 2020 iliwahesabu milioni 62 na ushee, karibu mtu mmoja kati ya watano nchini. Kwenye kundi la namna hiyo hukosi wanafunzi kumi wa kukaa mezani. Sisi mji mzima unatafuta mtu wa kusoma risala unamkosa.

#3 MwalimuTano
Asante kwa mada, MamaNuru. Nianze na jina, maana tutalitumia uzi mzima. Mhispania kwa Kiswahili ni mtu wa Hispania, yule wa Madrid. Jirani yako ni Mmeksiko. Ukitaka neno la kuwakusanya wote, sema Walatino, au Wahispaniki kama watu wa sensa. Maneno hayo mawili nayo hayalingani: Mbrazili ni Mlatino lakini si Mhispaniki kwa sababu anaongea Kireno, na mtu wa Madrid ni Mhispaniki asiye Mlatino. Wenyewe wanagombana kuhusu hilo kila mwaka, na wengi wangependa waitwe kwa nchi zao tu.

Pili, sherehe haikuanza kama mwezi. Mwaka 1968 Rais Johnson alitia saini wiki. Mbunge Edward Roybal wa Los Angeles alikuwa mmoja wa walioisukuma. Mwaka 1988 Reagan akaifanya siku 31. Inaanza katikati ya Septemba kwa sababu ya uhuru: tarehe 15 ni Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua, Costa Rica na Chile, na 16 ni Meksiko.

#4 NjeriDallas
Mwalimu, Chile ni tarehe 18. Nilifanya kazi na Mchile miaka minne, kila mwaka tarehe 18 alikuwa haji kazini. Hizo tano nyingine ndizo za tarehe 15.

#5 MwalimuTano
Umenisahihisha sawa, Njeri. Chile ni 18.

#6 KijanaWaUvira (Phoenix)
Jambo bandugu. Mimi ni mutu wa Uvira, niko Phoenix tangu 2016. Ile maneno ya wingi mimi naikataa kidogo. Hapa Phoenix sisi Bakongomani tuko bengi. Siku ya ndoa ukumbi inajaa mpaka watu wanasimama inje. Lakini mutoto akimaliza sekondari, baba anamuuliza tu, "Utaanza kazi lini?" Haiko ubaya ya baba. Yeye alikaa kambini miaka kumi na nane, chuo hakuiona kwa macho. Hajui mulango iko wapi.

Mimi mulango nilionyeshwa na Mmeksiko. Tulikuwa tunapakia mizigo pamoja usiku. Mutoto wake alikuwa chuo, akanipeleka kwake nyumbani siku ya Mungu, ule mutoto akanijazia fomu kwa meza ya jikoni. Nilimuuliza nimulipe ngapi. Akasema, "Wewe utamujazia mwingine." Mpaka leo nimejazia watu saba.

#7 MamaNuru
Uvira, umenitoa machozi kaka. Watu saba!

#8 BintiTumbatu (New York)
Nami nakataa ya wingi, kwa sababu nyingine. Walipoanza hawakuwa wengi. Mtafuteni Antonia Pantoja. Alikuwa mwalimu kwao Puerto Rico, akaja New York kwa meli 1944, akaingia viwandani, baadaye akasoma Hunter College. Akaona vijana wa Kipuerto Rico wanaacha shule kwa wingi na hakuna anayewapa hata ushauri. Mwaka 1971 akaanzisha shirika la ASPIRA. Jina ni kitenzi cha Kihispania, kutamani makubwa. Waliunda vikundi ndani ya shule za sekondari. Vijana walifundishwa historia yao wenyewe, wakaandaliwa kwa chuo, na wakatakiwa kuutumikia mtaa. Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana MamaNuru ameona ngoma na fomu kwenye ukumbi mmoja. Yule binti hakubuni, amerithi.

#9 KaluluWaMwanza
ASPIRA ni 1961. Mwaka 1974 tayari walishafikia makubaliano ya kimahakama na bodi ya shule ya New York ili watoto wasiojua Kiingereza wafundishwe pia kwa Kihispania. Kesi ya namna hiyo haiandaliwi kwa miaka mitatu.

#10 BintiTumbatu
Kweli, 1961, kidole kiliteleza. Pantoja alipewa nishani ya juu ya rais mwaka 1996.

#11 FundiUmeme (Houston)
Wakuu, mnaongea mambo ya moyo, mimi naomba niongee ya hesabu. Marekani chuo kikifikisha asilimia 25 ya wanafunzi Walatino kinaitwa chuo kinachohudumia Wahispaniki, kwa kifupi HSI, na kinapata fedha za serikali kuu. Sasa chuo kikiwa na asilimia 23 kitafanya nini? Kitafungua ukumbi, kitaita bendi, kitapanga meza. Yule bibi ana mjukuu, mjukuu anahesabika. Sisemi ni vibaya. Wao wamehesabika, sisi kwenye fomu tunaingia kisanduku kimoja na Mjamaika na mtu wa Alabama ambaye babu zake wako hapa miaka mia tatu. Hakuna chuo kinachojua Mswahili ni nani.

#12 MamaNuru
FundiUmeme, hii sikuijua kabisa. Lakini yule binti halipwi na asilimia. Nilimuuliza.

#13 MwalimuTano
FundiUmeme yuko sahihi kwa sehemu kubwa, ila kuna mambo yanahitaji kukaa sawa.

Kufika asilimia 25 hakuleti fedha mlangoni. Ni 25 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, wakihesabiwa kwa uzito wa masomo ya muda wote (asiyesoma muda wote huhesabika chini ya mtu mmoja), na chuo lazima pia kiwe na wanafunzi wengi wenye kipato kidogo. Kisha kinaomba na kushindana na vingine. Aina hii ya vyuo iliingia kwenye sheria ya elimu ya juu mwaka 1992, baada ya muungano wa vyuo wenyewe, HACU, kuipigania. Muungano huo ulianzishwa 1986 hapo hapo San Antonio kwa MamaNuru.

Na msichanganye na vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi. Howard na Tuskegee vilijengwa kwa ajili ya watu weusi. HSI nyingi vilikuwa vyuo vya kawaida tu, mtaa ukabadilika, wanafunzi wakabadilika, siku moja hesabu ikafika 25. Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama chuo kinawahudumia hao wanafunzi au kimewasajili tu.

Halafu hesabu hiyo ya fedha imetikisika. Juni 2025 jimbo la Tennessee lilikwenda mahakamani kupinga kigezo cha asilimia, na Septemba mwaka huo huo wizara ya elimu ikatangaza kusimamisha ruzuku ambazo ina hiari ya kuzitoa kwa vyuo vinavyohudumia makundi ya wachache, takribani dola milioni 350. Kama fedha ndiyo sababu, meza za MamaNuru zingekuwa zimeshakunjwa.

#14 FundiUmeme (Houston)
Mwalimu, meza hukunjwa taratibu. Tuulizane mwakani.

#15 NjeriDallas
Mimi nasema walipigana, na mtu akipigania kitu hakiachi kirahisi. Machi 1968, mwaka ule ule wa wiki ya Johnson, maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa East Los Angeles walitoka madarasani. Garfield, Roosevelt, Lincoln, shule baada ya shule. Mwalimu wao Sal Castro alikuwa nao. Malalamiko yao ukiyasoma utadhani ni ya kwetu: wanapigwa kwa kuongea Kihispania shuleni, wanasukumwa kwenye ufundi hata wakiwa na akili ya chuo, vyoo vinafungwa. Mwaka huo huo chuo kikuu cha Cal State LA kikafungua idara ya masomo ya Wachikano, yaani Wamarekani wa asili ya Meksiko.

Hiyo ya kupigwa kwa lugha imenigusa sana. Shule yangu ya msingi kulikuwa na kipande cha mbao tukikiita disk. Ukiongea Kikuyu unavalishwa shingoni, unatembea nacho hadi umsikie mwenzako akiteleza ndipo umvishe. Jioni mwenye disk anachapwa. Nilivalishwa kwa kusema "cũcũ", yaani nyanya yangu. Hadi leo naweza kuwaambia uzito wa kile kipande. Hawa watoto wa East LA walitoka darasani kwa sababu ya kitu kama hicho. Sisi tulinyamaza, tukahama nacho.

#16 KaluluWaMwanza
Dada Njeri pole. Kwetu ilikuwa kibao cha "I am a fool", na kosa lilikuwa kuongea Kiswahili, ndani ya Tanzania.

#17 BintiTumbatu (New York)
Njeri ameleta la maana. Na hata kabla ya hapo kuna kesi ya familia ya Mendez, California, baba Gonzalo wa Meksiko na mama Felicitas wa Puerto Rico. Watoto wao walikataliwa shule ya wazungu, wakashtaki, wakashinda kwenye rufaa 1947. Miaka saba kabla ya hukumu maarufu ya Brown ya 1954, iliyokataza kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi. Mwanasheria Thurgood Marshall na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, waliingia kuwaunga mkono.

Na hapa Bronx kuna Hostos, chuo cha jamii kilichoanzishwa 1968, kikaanza kufundisha kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha matairi. Jiji lilipofilisika miaka ya sabini wakataka kukifunga. Wanafunzi, walimu na akina mama wa mtaani wakakaa ndani ya majengo. Kipo hadi leo, napita mbele yake kila siku nikienda kazini. Chuo ambacho mama yako alikilalia sakafuni kisifungwe huwezi kukiona kama mali ya serikali.

#18 MzeeKigamboni
Binti, hoja nzito, lakini unanirudishia ya kwangu. Ili ukae ndani ya jengo lisifungwe, lazima muwe wengi.

#19 BintiTumbatu
Shikamoo Mzee. Kwa wingi sikuangushi leo naona.

#20 MzeeKigamboni
Marahaba mwanangu. Niangushe kwa hoja, si kwa shikamoo.

#21 KaluluWaMwanza
Nitoke kidogo nje ya mada, mnisamehe. Mimi nadhani kuna ukaribu kati yetu na hawa watu ambao hatuutumii. Sikilizeni Kihispania vizuri. Meza ni mesa. Bendera wao wanasema bandera, na sisi wengine tunasema bandera vile vile. Hata yetu na hasta yao zote zimetoka kwenye hatta ya Mwarabu. Sukari na azúcar, baba mmoja. Mwarabu alikaa Andalusia, kusini mwa Hispania, Mwarabu alikuja pwani yetu. Mreno alikuja Mombasa akatuachia meza, na Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja. Hata pesa yetu ni peso yao!

#22 MwalimuTano
Kalulu, umeenda vizuri ukateleza mwishoni. Pesa ni paisa ya Wahindi, imekuja na biashara ya Bahari ya Hindi.

#23 KaluluWaMwanza
Nilisoma mahali kuwa ni peso ya Mreno.

#24 MwalimuTano
Peso ni ya Mhispania. Paisa ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Unguja kila siku.

#25 NjeriDallas
Wazee wawili wakigombania pesa, sisi watoto tukae kando. Turudini kwa mada.

#26 ShangaziMadrid
Salamu kutoka Hispania kwenyewe. Oktoba 12 ndani ya mwezi wenu huo ni siku ya taifa huku, ya kumkumbuka Columbus kufika Amerika. Walatino wengi niliofanya nao kazi ya usafi hapa hawaipendi, kwao ni siku ya msiba. Na msisahau kwamba Kihispania ni lugha ya Afrika pia. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Hispania Oktoba 12, 1968. Nina rafiki wa Malabo, mweusi kama mimi, Kihispania ndiyo lugha aliyosomea tangu chekechea. Akienda Marekani mumuweke kisanduku gani?

#27 BintiTumbatu (New York)
Shangazi, swali lako lina jibu zuri hapa Harlem. Arturo Schomburg, mtu mweusi aliyezaliwa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1874. Alikusanya vitabu, picha na maandishi ya watu weusi wa dunia nzima. Mwaka 1926 maktaba ya New York ikaununua mkusanyo wake kwa dola elfu kumi, na leo kituo kinachobeba jina lake ndipo watafiti wa Afrika na diaspora wanapokwenda. Alikuwa Mlatino, alikuwa Mwafrika, hakumpunguzia mmoja kwa ajili ya mwingine. Mwanangu alipoandika insha ya kuombea chuo niliketi naye pale ndani, kwenye meza ndefu, hadi wakatutoa wakifunga.

#28 FundiUmeme (Houston)
Hili la wanafunzi kujitolea, je ni moyo tu? Ninavyojua, chuo kinachopokea fedha za serikali za kuwaajiri wanafunzi wake kinatakiwa kutumia angalau asilimia 7 yake kwa kazi za huduma kwa jamii. Huenda baadhi ya wale kumi walikuwa wanalipwa kwa saa.

#29 MamaNuru
Inawezekana, Fundi. Wengine walivaa beji za chuo. Lakini yule binti aliyemsaidia bibi alinieleza kwa ufupi. Mama yake ni mfanyakazi wa mashambani, wanahama na mavuno. Yeye aliingia chuo kupitia CAMP, mpango wa tangu 1972 wa watoto wa vibarua wanaohamahama, unawashika mkono mwaka wa kwanza. Alisema alipokuwa na miaka tisa ndiye alikuwa mkalimani wa mama yake, benki, hospitali, kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo kukaa pale mezani si kitu kipya kwake. Amefanya kazi hiyo maisha yake yote, sasa tu amepata kiti.

#30 KijanaWaUvira (Phoenix)
Ile ya mutoto kuwa mkalimani ninaijua. Dada yangu mudogo, miaka kumi na moja, daktari alimwambia amuelezee mama kwamba tumbo yake itapasuliwa. Mutoto akasema tu, "Mama, watakupatia dawa." Aliogopa. Mama aliingia chumba ya operesheni hajui. Nilikasirika sana siku ile, si kwa mutoto.

#31 BintiTumbatu (New York)
Pole sana kaka. Huo ndio mlango wenyewe wa huduma. Sonia Sotomayor, jaji wa mahakama ya juu kabisa ya Marekani tangu 2009, alikulia Bronx kwa wazazi wa Puerto Rico. Alipokuwa chuo kikuu cha Princeton miaka ya sabini, yeye na wenzake wa kikundi cha Wapuerto Rico walikuwa wakienda hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton. Kulikuwa na wagonjwa wanaojua Kihispania tu na wahudumu wasiokijua. Mgonjwa anakaa wodini hana wa kuongea naye! Wanafunzi walikwenda kuwa midomo yao. Na chuoni kwao walikuwa wakidai walimu Walatino waajiriwe. Huku wanadai, huku wanahudumu.

#32 MamaNuru
Sasa niwaambie la nyumbani kwangu ndipo mjue kwa nini nimeanzisha huu uzi. Mwanangu wa kwanza alimaliza sekondari kwenye mji mwingine, sitautaja. Alama nzuri. Mshauri wa wanafunzi alimwita, akamwambia lafudhi yake ingemsumbua chuoni, aende ghala la mizigo kwanza "azoee". Mtoto akaja kunieleza. Mimi nikasema mwalimu amesema, nani mimi. Kwetu Afrika mwalimu akisema umenyamaza. Alikaa ghalani miaka mitatu. Baadaye tukampata mtu wa kutujazia fomu, akatutoza dola 150. Fomu yenyewe ni bure! Nilijua ni bure Jumamosi, nikiwa nyuma ya yule bibi. Nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha na kunipiga kofi kwa wakati mmoja.

#33 NjeriDallas
Pole mama Nuru. Wengi tumetozwa. Mimi 80.

#34 MzeeKigamboni
Pole dada. Hapo sina la wingi.

Lakini naomba kuongeza jingine, msije mkasema mzee ana wimbo mmoja. Hawa watu wengine hawakuhama. Mwaka 1848, kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Meksiko ilipoteza karibu nusu ya nchi yake. Mtu alilala Mmeksiko akaamka Marekani, nyumba haijasogea. San Antonio ni mji wa Kihispania tangu 1718. Mtu wa namna hiyo akiingia chuo cha serikali anakiona ni chake, kimejengwa kwenye shamba la babu yake. Sisi bado tuna begi chini ya kitanda. Ukiwa na begi chini ya kitanda hupangi meza ukumbini.

#35 ShangaziMadrid
Mzee, la begi umelisema vizuri. Mimi ninalo, miaka kumi na tisa.

#36 KaluluWaMwanza
Ila Wapuerto Rico wa Binti, Wasalvador, Wahonduras, wao walihama, wengine kwa miguu. Na meza wanapanga. Begi halitoshi kueleza.

#37 MamaNuru
Kuna mlichosahau: mabibi. Jana jirani alinialika kutengeneza tamales, tulikuwa wanawake sita. Unaloweka maganda ya mahindi usiku, asubuhi unayapangusa moja moja, unapaka unga mbichi kwa mgongo wa kijiko, unaweka nyama, unakunja. Unga wao si kama wetu wa ugali. Mahindi wanayachemsha kwa chokaa kwanza, yanaachia ganda, ndipo yanasagwa. Harufu ni kama mvua inapogusa udongo. Wameyafanya hivyo maelfu ya miaka, na mahindi yetu sisi yametoka kwao.

Tumekunja kama mia mbili. Muda wote maongezi yalikuwa nani anamaliza shule mwaka huu, nani hajajaza fomu, mama wa nani anaogopa kuandika jina lake, nani ana gari Jumamosi. Hakuna ajenda, hakuna mwenyekiti. Hadi sufuria inapanda jikoni, foleni ya Jumamosi ilishapangwa. Nadhani ukumbini nilikuwa naangalia mkia wa jambo, kichwa kilikuwa jikoni.

#38 FundiUmeme (Houston)
Sasa hapo umenishika. Mke wangu na wenzake wa vicoba wanakutana kila mwezi, na wanajua habari za kila nyumba.

#39 NjeriDallas
Chama chetu pia. Tunajua nani ananunua ploti Kitengela. Nani anamaliza high school, hatuulizi.

#40 MamaNuru
Basi mimi nimeshaongea na padri, anatupa chumba cha nyuma Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Yule binti amekubali kuja kutufundisha. Tangazo nimeanza kuliandika ila nimekwama kwenye neno. Fedha usizorudisha niite nini? Nimeandika "ruzuku".

#41 MwalimuTano
Ruzuku ni sahihi. Mkopo ndio wa kurudisha. Yatenganishe kwa herufi kubwa, watu huogopa wakidhani yote ni deni.

#42 KijanaWaUvira (Phoenix)
Mama, ruzuku kwetu hawaijui. Mukongomani akisoma ruzuku atapita tu. Sisi tunasema burse. Andika hivi: "feza ya bure ya masomo, haurudishe." Hapo hata bibi wa Fizi ataelewa.

#43 MamaNuru
Nimeandika zote tatu, mstari juu ya mstari. Sasa natafuta mtu wa Kirundi, maana familia nne ni za Warundi na wazee wao Kiswahili hakikai vizuri. Na printa.

#44 DadaBahati (San Antonio)
Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi. Kirundi ni changu, nitakuja. Printa pia ninayo, wino umeisha, nanunua kesho nikitoka zamu. Mnaweka meza ngapi?

#45 MamaNuru
Mbili. Ya tatu ni ya kupigia pasi, tutaifunika kitenge.